Somo la Jumatatu Saa Tano

Mambo mengine humpata mtu mzima kwa sababu tu ameamua kusoma. Nyanchoka alikuwa na miaka thelathini na mitano, mpishi wa sekondari moja ya kutwa juu ya soko la Ikonge, Nyamira, na tangu Januari alikuwa pia mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule hiyohiyo. Alfajiri alipika uji, saa nne akaugawa, mchana akapakua githeri ya mahindi na maharagwe, na katika vipande vya muda vilivyobaki alifungua leso ya jikoni, akavuta sweta ya kijani na kuingia darasani akinuka moshi. Wanafunzi walimwita Mathe, yaani mama. Hilo alishalizoea. Ambalo hakuwa amelizoea ni kwamba kwenye dawati la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha, aliketi Ochoki, na Ochoki alikuwa mwanawe wa kwanza.

Shule ilikuwa ndogo, kila kidato kikiwa na darasa moja tu, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Mwalimu mkuu, Bwana Gibson, alimweleza wazi siku ya kumwandikisha. Alimwambia kwamba hilo ndilo darasa la mwisho la mfumo wa zamani. Nyuma yao walikuwa wakija watoto wa mtaala mpya, na atakayeanguka hatakuwa na darasa la kurudia. Nyanchoka alisema ameelewa. Alitaka cheti cha Kidato cha Nne chenye alama nzuri ya Bayolojia, maana chuo cha uuguzi hakimpokei mtu bila hiyo. Kuhusu mwanawe alijiambia kwamba darasa ni darasa: yeye atakaa nyuma, kijana atakaa mbele, na kila mtu atatazama ubao.

Muhula wa kwanza ukapita salama. Kisha ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa tano, baada ya mapumziko. Mwalimu wa Bayolojia alikuwa Istarlin, binti wa Msomali mwuza vitambaa mjini Kisii, mwalimu kijana mwenye bidii ya kuogopesha. Somo la uzazi walikuwa wameshalianza kwa mimea, na maua hayana neno. Sasa ilikuwa zamu ya watu. Istarlin alitundika ubaoni chati kubwa ya rangi, upande huu mwanamume, upande ule mwanamke, akachukua rula ili aanze kuonyesha.

Darasa zima likanyamaza. Istarlin alidhani wametulia ili wasikilize, akafurahi. Hakujua kwamba watoto hamsini na wawili walikuwa wakimtazama Nyanchoka kwa pembe ya jicho, kisha wakimtazama Ochoki, kisha wakitazama meza zao. Abagusii, wenyeji wa huko, wana kitu wanachokiita ensoni. Ni heshima na ni aibu pia, ua uliopandwa kati ya mzazi na mtoto. Kijana akishatahiriwa hujengewa nyumba yake ndogo, esaiga, asilale tena chini ya paa moja na mama yake. Neno la chumbani halisemwi wakiwa pamoja, na likisemwa na mpumbavu fulani njiani, mmoja wao hutafuta njia ya kuondoka kabla halijaisha. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote, waliosoma na wasiosoma, Wasabato na Wakatoliki.

Nyanchoka aliiona shingo ya mwanawe ikikakamaa. Hakungoja rula ifike popote. Alisimama akasema, "Mwalimu, maharagwe inaungua."

Kuni alikuwa amezitoa mekoni mwenyewe kabla ya kuja, na kila aliyekuwa mle darasani alimwona akizitoa. Kicheko kilimsindikiza hadi mlangoni. Alipofika jikoni aliketi juu ya gunia la mahindi, akajifunika uso kwa leso. Aliona aibu mbele ya watoto, akaona aibu kwa ajili ya Ochoki aliyebaki mle na kicheko kile, na zaidi akamwonea aibu yule mwanamke mwenye watoto wanne aliyevaa sweta ya shule na kudhani inamwezekana.

* * *

Jioni alimweleza mumewe. Ogoti alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha chai upande wa Itumbe, mtu mpole, ila mpole asiyechagua maneno. Alicheka kwanza, akasema kama ni yeye angepita dirishani. Kisha akafikiri, akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Mwenye shule ni mtoto. Wewe ulikuwa umeshatoka."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Nyanchoka alipakua ugali na mboga. Ochoki alikuja akapokea sahani yake, akashukuru huku akitazama chini, akaenda kula kwenye esaiga yake. Mama alitamani kumwambia neno, angalau pole. Lakini utampaje mtu pole ya jambo lisilotajika? Ukisema pole, umelitaja. Akamwacha aende.

Basi akakata shauri peke yake, kama wanavyofanya akina mama, bila kumwuliza yule anayekatiwa shauri. Bayolojia ilikuwa Jumatatu na Jumatano, saa tano. Siku hizo, baada ya kugawa uji, yeye asingerudi darasani. Angeosha vikombe polepole. Kijana asome kwa amani, amalize mada hiyo, na mama atajifundisha mwenyewe kitabuni.

Alifanya hivyo kwa majuma matatu. Kitabu alikifunika kwa karatasi ya mfuko wa unga, akakisoma nyuma ya mlango wa jikoni, akakifunga kila aliposikia hatua. Maneno yalikuwa magumu na michoro ilikuwa na mishale mingi kuliko akili yake. Hakuelewa hata nusu. Lakini kila alipotazama upande wa darasa alijipa moyo kwamba mwanawe yuko mle, anaelewa kwa niaba ya wote wawili. Wanafunzi walipopita wakamwona bado anasugua vikombe walitazamana, wengine wakabana vicheko. Alidhani wanamcheka yeye.

Kisha likaja jaribio. Istarlin alirudisha karatasi akisoma alama kwa sauti, kutoka juu kwenda chini, kama ilivyokuwa desturi ya shule. Nyanchoka alilisubiri jina la mwanawe kwenye sitini, akalisubiri kwenye hamsini. Alama ziliendelea kuteremka.

"Nyanchoka, tano kwa mia," mwalimu alisema. "Ochoki, tatu. Na nashangaa hata hizo tatu umezitoa wapi, maana hujaingia somo langu mara sita."

Nyanchoka alinyanyua kichwa. Alimtazama Ochoki. Kwa mara ya kwanza tangu Januari kijana aligeuka nyuma darasani, akamtazama mama yake, na uso wake ulikuwa na mshangao uleule. Ndipo wote wawili walipoelewa. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake nafasi, na nafasi zote mbili zilikuwa zimekaa wazi majuma matatu. Darasa zima lilijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kuwaambia kungekuwa kuligusa jambo lenyewe.

* * *

Barua ilimkuta jikoni akichambua maharagwe. Ilisema mzazi wa Ochoki afike ofisini saa nane. Karani aliyeileta alikuwa na barua ya pili mkononi, iliyosema mzazi au mlezi wa Nyanchoka afike saa hiyohiyo, na akauliza kwa heshima zote hiyo ampe nani. Nyanchoka alizipokea zote mbili. Alinawa mikono, akafungua leso, akavua na sweta ya shule. Halafu akaivaa tena, maana hakujua anakwenda ofisini kama nani.

Alimkuta Ochoki amesimama kando ya kabati, mikono nyuma. Bwana Gibson alikuwa nyuma ya meza yake na Istarlin pembeni na rejista. Nyanchoka alionyeshwa kiti cha wageni. Alikaa ukingoni.

Istarlin alimwuliza Ochoki alikuwa wapi siku hizo sita. Kijana akajibu kwamba alikuwa nyuma ya tangi la maji. Akifanya nini? Amekaa tu. Kwa nini?

Ochoki alitazama sakafu. "Sipendi Bayolojia," akasema.

Ulikuwa uongo mtupu. Bayolojia ndilo somo pekee alilokuwa akilileta nyumbani na kulisimulia, wakati wa mizizi na majani. Bwana Gibson naye alijua ni uongo. Alikuwa mtoto wa Nyamira, alizaliwa na kukua ndani ya ua uleule. Lakini angefunguaje kinywa mbele ya mama na mwana waliokuwa chumba kimoja? Alihangaika na kalamu, akatazama kalenda ukutani, hatimaye akajaribu kupitia kwa wahenga.

"Mnajua, wakubwa walisema mficha uchi ha..."

Akasikia anachokisema. Alikohoa kwa muda mrefu, akaomba radhi, akanywa maji.

Istarlin, aliyekuwa haelewi chochote, alisema kanuni imebandikwa mlangoni na hakuiandika yeye: kukosa somo mara sita bila ruhusa ni kukaa nyumbani majuma mawili. Mama ana ruhusa ya jikoni, hiyo inaeleweka. Kijana hana. Bwana Gibson alisema kwa sauti ya chini kwamba mtihani wa muhula uko baada ya majuma mawili hayohayo, na kwa darasa hili hakuna kurudia. Istarlin akajibu kwamba ndiyo maana angependa kusikia sababu.

"Sina sababu, Mwalimu," Ochoki alisema. "Nitaenda nyumbani."

Nyanchoka alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikofunzwa na mama yake na mama wa mama yake, na hakuna mtu katika Nyamira yote ambaye angemlaumu. Alitazama mikono ya mwanawe iliyokuwa imeshikana nyuma. Kijana alikuwa tayari kufukuzwa ili tu asimtaje mama yake.

"Huyu hajakosa," akasema. "Mwalimu, wewe si wa kwetu, utanisamehe. Kwetu mama na kijana yake hawawezi kaa pamoja wakifundishwa ile maneno ya chati. Huyu alitoka ndio mimi nikae. Na mimi nikatoka ndio yeye akae. Hakuna mwenye alijua."

Hapo palitosha. Angefunga mdomo hapo, mambo yangeisha kwa heshima. Lakini mdomo uliokwisha kuvuka ua haurudi mara moja, na mle ndani mlikuwa na majuma matatu ya vikombe, na kicheko cha Jumatatu, na lile neno la Ogoti.

"Na si mara ya kwanza. Nilikuwa Form Two, mtu wa namba tatu darasani, nikatoka kwa sababu ya tumbo yake huyu. Sasa nimetoka tena. Mwalimu, nitatoka kwa sababu yake mara ngapi?"

Tumbo. Alikuwa amelitaja tumbo, mbele ya mwanaume aliyetoka humo. Ochoki hakungoja ruhusa ya mtu. Alifungua mlango taratibu, akatoka, akaufunga taratibu vilevile, na utaratibu ule ulimchoma mama yake kuliko kama angeubamiza. Kijana alijua siku zote kwamba mama aliacha shule. Hesabu ya miaka alikuwa anaijua, si mjinga. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuambiwa kama deni ni kitu kingine.

Aibu ya siku ile ya chati Nyanchoka aliigawana na darasa zima. Hii ilikuwa yake peke yake. Alitamani aokote kila neno sakafuni, kama maharagwe, ayarudishe.

Istarlin alikuwa ameifunga rejista. Akasema kwamba hata kwao, baba akiingia sebuleni na televisheni inaonyesha watu wanaopendana, nyumba nzima hutafuta rimoti. Alikuwa ameishi Kisii tangu azaliwe, akauza vitambaa kwa Ekegusii cha dukani, na hakuna aliyewahi kumwambia neno hili.

"Adhabu ya kijana imeisha," akasema. "Yeye arudi darasani. Wewe, mama, kule jikoni kuna mahali mtu mwingine anaweza kukaa?"

* * *

Palikuwepo. Jumanne na Alhamisi, asubuhi na mapema, Istarlin aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chati imeangikwa kwenye msumari wa miiko, mlango umefungwa kwa komeo. Nyanchoka alikoroga uji huku akijibu maswali. Mwanzoni alijibu akitazama sufuria. Baadaye akaanza kuuliza. Alijifunza majina ya mambo ambayo mwili wake ulikuwa umeyafanya mara nne bila kumwomba ruhusa, na mara nyingine alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Yote aliyaandika kwenye daftari moja, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kuandika, michoro na mishale yake yote.

Kile alichokuwa anakipata jikoni, nyumbani kilikuwa kinamtoka. Ochoki alirudi darasani, akaketi dawati lake, akainakili kila sentensi ya ubaoni bila kuisoma. Nyumbani alipokea sahani, akashukuru, akaenda zake. Hakukosa adabu hata kidogo. Mara mbili Nyanchoka alimwita jina, na alipogeuka hakuwa na neno la kumpa, akamtuma maji.

Majuma mawili yakaisha, mtihani ukafanywa, karatasi zikarudi. Istarlin akasimama mbele na kusoma kutoka juu.

"Nyanchoka, sitini na moja."

Darasa lililipuka. Walipiga madawati, wakapiga makofi, mmoja akaita "Mathe!" kama uwanjani. Na furaha ilimjaa mama huyu kifuani, furaha ya msichana wa namba tatu aliyekuwa amesahauliwa kwa miaka kumi na minane. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ndipo alipomwona Ochoki ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, hapigi makofi, hafanyi lolote. Mwalimu akaendelea kuteremka.

"Ochoki, thelathini na nne."

Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, na Nyanchoka hakujua alipeleke wapi. Mama gani hushangilia juu ya kichwa cha mwanawe? Alilifuta kwa kiganja, kama mtu anayefuta jasho.

Jioni ile, Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, Ochoki alikuja mpaka kizingiti cha jikoni nyumbani. Alisimama nje, akatazama miti ya ndizi.

"Mama," akasema, "lile daftari lako."

Hakuongeza neno. Nyanchoka alisema amesikia. Hakuweza kumpa mkono kwa mkono. Mle ndani kulikuwa na michoro. Siku ya Jumapili, kijana alipokwenda kuchuma chai, aliliweka kwenye kizingiti cha esaiga, akalilaza kifudifudi, akaenda mtoni kufua. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Aliporudi alasiri, daftari lilikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, limelazwa vilevile.

Alilifungua karibu na dirisha. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, madogo, yaliyopangwa kama majibu ya mtihani.

*1. Ukurasa wa nne, mchoro wa pili. Sijaelewa mishale.*

*2. Hili si la mtihani. Unajuta?*

Swali la kwanza alilijibu kwa ukurasa mzima. Alichora upya mchoro wote, akaeleza kila mshale unatoka wapi na unakwenda wapi, hakuficha kitu, kwa sababu karatasi haikuwa na macho. Swali la pili lilimweka pale mpaka chai ikapoa kikombeni. Alitaka kuandika hapana, jibu la akina mama wote, na kumaliza. Lakini huyu alikuwa amekaa nyuma ya tangi mara sita ili yeye asome. Hakustahili jibu la kumtuliza.

Akaandika: *Najuta kuacha shule. Wewe sijawahi kukujutia hata siku moja. Yale ya ofisini niliyasema kwa hasira yangu mimi, na naona aibu nayo kila nikikupakulia chakula.*

Aliyasoma mara mbili. Hakuwahi kumwambia mtu maneno kama hayo, na kwa mdomo asingeyaweza mpaka anakufa. Alifunga daftari, akavuka ua jua likiwa bado liko juu ya migomba. Ndani ya esaiga kijana alikohoa. Nyanchoka aliinama, akaliweka daftari kizingitini, akageuka kurudi. Hakuwa amefika jikoni aliposikia mlango ukifunguliwa nyuma yake. Aliendelea kutembea bila kugeuka, ili mwanawe asome.